Wana watatu, hakuna wa kumuosha baba yao. Ni raha imetuharibu au ni nini?

#1 MzeeWaDaka
Assalaam aleikum wadau. Wiki jana tumemzika jirani yetu hapa Mkomani, Lamu. Mtu mzima, kaugua muda, kaondoka wakati wake umefika, hilo halina neno. Lililonikosesha usingizi ni lile la kuosha. Maiti kalazwa, ufuo wa kuoshea uko tayari, majani ya mkunazi yamepondwa yakatiwa majini, karafuu maiti iko kwenye kijibakuli, pamba ipo, sanda vipande vitatu vimekatwa vikapangwa. Kilichokosekana ni mikono. Wanawe watatu wa kiume, watu wazima wenye ndevu, wamesimama kiwandani, pale uani. Mkubwa yuko kwenye simu anapokea michango. Nikamwita aingie. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ami, hilo mimi siliwezi. Hakuna watu wa kulipwa?"

Tukaosha sisi wazee, mmoja wetu hata magoti hayakunjiki.

Sasa nauliza, na mnijibu bila kunionea haya. Hii raha tuliyonayo, ya feni na friji na spidi boti na panadol kila duka, ndiyo iliyotusahaulisha kwamba mwanadamu ni pumzi tu? Sisi tumelelewa na mauti nyumbani. Ndugu yake mama yangu alifia chumba nilichokuwa nalala. Hawa wa leo wakiona damu ya kuku hukimbia. Mimi naamini wameshiba kabla ya kuonja ndaa, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayebisha na abishe.

#2 BintiLangoni
Nimetandika mkeka, kahawa na kashata viko hapa. Endeleeni.

#3 Nahodha_Mstaafu
Umenena, ami. Zama za tanga, mtu akisafiri kwenda Kiunga au Kismayu alikuwa haondoki mpaka atake radhi. Atazunguka kwa mama, kwa mke, kwa mwenye duka anayemdai. Deni linaandikwa na mdhamini anatajwa. Si kwamba tulikuwa wacha Mungu kuliko hawa. Tulijua tanga likichanika nje ya mwamba, shughuli imekwisha. Leo kijana anapanda boti ya mashine mbili kwenda Kizingitini, anapiga simu kusema atakula chakula cha mchana huko, na kweli anafika na kula. Atakumbuka nini? Akipewa boya avae, anasema litamchafulia kanzu. Kanzu!

Na Mkanda, ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, ni ule ule. Maji yakitoka hupiti, na ukiamua kuzunguka nje wakati wa kusi utakutana na mawimbi yale yale waliyokutana nayo babu zetu. Bahari haijapata maendeleo yoyote.

#4 Mjukuu_Mtundu
Nahodha, hata mimi sivai. Yale maboya yana harufu ya ngonda wa mwaka juzi 😂

#5 NesiWaHindi
Naomba nitie mchanga kwenye kitumbua chenu kidogo.

Utafiti wa taifa wa afya wa 2003 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Kenya, 115 walikufa kabla ya kufika miaka 5. Ule wa 2022 ukatoa 41. Na hapa kwa jirani zetu Kilifi ndiko kulikofanywa moja ya majaribio makubwa ya vyandarua vilivyotiwa dawa, katikati ya miaka ya 1990, na vifo vya watoto vikapungua kwa karibu theluthi moja. Chandarua tu. Kile kile ambacho wengine wenu mnakigeuza wavu wa dagaa.

Mzee anasema amelelewa na mauti nyumbani. Waulizeni mama zenu walizaa wangapi na waliolea ni wangapi. Mimi nakesha zamu za usiku wodini, na sijawahi kumwona mama aliyekaa na mtoto aliyepona akisikitika kwamba hakuonja uchungu wa kuzika.

#6 MzeeWaDaka
Ahsante nesi. Lakini sikusema watoto wafe ili wakubwa wapate mawaidha. Nimeuliza kwa nini mtu mzima hawezi kumwagia baba yake maji.

#7 MtuWaFaza
Bibi yangu uso ulikuwa na makovu ya ndui, mashimo mashimo mpaka shingoni. Sisi watoto tulikuwa tukimpapasa tukicheka. Hakuwahi kutukemea. Siku moja tu alituambia kwamba katika nyumba yao walilala wengi na wakaamka wawili. Hakuongeza neno, akaendelea kuchambua mchele. Sasa wajukuu zangu mimi ukiwaambia ndui wanadhani ni tetekuwanga. Mzungu aliimaliza zamani kabla ya uhuru, na kumbukumbu ikaenda nayo.

#8 Msoma_Kale
MtuWaFaza, hapo pa "kabla ya uhuru" sipo nawe. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida aliugua Oktoba 1977, na hakuwa mbali. Alikuwa Merka, mji wa pwani hii hii yetu, ukishapita Barawa. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Shirika la Afya Duniani likatangaza 1980 kwamba ndui imetoweka.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Yule bwana alipona. Baadaye akajitolea kwenye kampeni ya kuwachanja watoto wa Somalia dhidi ya polio, anawaambia wazazi msifanye nilivyofanya mimi, kwa sababu yeye enzi zile aliikwepa chanjo akiogopa sindano. Mwaka 2013, akiwa kwenye kazi hiyo hiyo, akashikwa na malaria akafa. Mtu aliyeishinda ndui ya mwisho duniani, mbu akammaliza. Kama kuna anayetaka somo la udhaifu wa mwanadamu, hilo hapo, na halina uhusiano wowote na friji.

#9 Mpenda_Kubisha
Umesema vizuri "kwa njia ya kawaida", maana nilikuwa nimeshakunja mikono ya shati. 1978 ndui iliua tena huko Birmingham, Uingereza. Virusi vilitoka maabara vikampata Janet Parker, mpiga picha wa chuo kikuu. Nchi yenye raha kuliko Lamu mara mia.

#10 NesiWaHindi
Subirini, maana MtuWaFaza kanigusa mahali. Hapa nitamuunga mkono mzee ingawa nilianza kwa kumpinga.

Kuna akina mama wanaoniletea mtoto kwa chanjo zote ila ya surua wanaichelewesha. Ukiuliza, "Ah, surua ni vipele tu, mtoto hupoa kwa mwarobaini." Bibi yake akiwa amemsindikiza, huyo bibi ndiye anayemkazia macho, "Mpe mtoto nesi!" Bibi amewahi kuiona surua ikiingia nyumba. Binti hajaiona kwa sababu bibi na wenziwe walipanga foleni za chanjo mpaka ikapungua. Kwa hiyo kuna kusahau, ndiyo, na kusahau kwenyewe kunaturudisha tulikotoka. Ila dawa yake ni nini sijui. Siwezi kuwaonyesha surua ili waamini.

#11 DadaWaMatondoni
Mimi nimesoma kimya tangu mwanzo nikingoja mwanamume mmoja aliseme hili, naona hayupo.

Raha ya nani? Mzee, daka lako lina feni, hongera. Huku kwetu mwanamke anaamka alfajiri akiwaza maji, anasuka mkeka mchana, usiku anamgeuza mgonjwa. Hebu nitajieni mara moja tu ambapo mwanamke amekufa kisiwa hiki na wanawake wakakosa wa kumuosha. Haijatokea. Tunaingia binti, dada, mkwe, jirani, na tunagombania nani ashike kichwa. Sanda vipande vitano, na hakuna aliyewahi kuuliza watu wa kulipwa. Friji tunayo sisi pia, TV tunayo. Raha ingekuwa ndiyo inayosahaulisha, nasi tungesahau.

Mlichopoteza nyinyi wanaume si kumbukumbu ya dhiki. Hamkuwahi kuizoea. Waliokuwa wakitapikiwa nguoni ni sisi.

#12 BintiLangoni
Kahawa imenipalia. Da Matondoni!

#13 Mjukuu_Mtundu
Wanaume wa uzi huu tukutane Mkunguni tupange majibu.

#14 Wa_Mpeketoni
Nyinyi wa kisiwani mna mambo. "Tumesahau dhiki." Nani amesahau? Juni 2014 hapa Mpeketoni watu zaidi ya 60 waliuawa kwa usiku mmoja na wa pili yake. Sisi tulilala msituni na watoto tukiwaziba midomo. Baada ya hapo ikaja kafyu, giza likiingia kila mtu ndani. Mpaka leo mke wangu akisikia pikipiki zaidi ya moja zikija pamoja usiku huinuka kitandani.

Na nina friji. Nina simu nzuri ndiyo hii nachapia. Juu ya hiyo simu nina deni la mkopo unaokatwa kila nikiingiziwa pesa. Kwa hiyo msituambie dhiki imetoroka dunia. Imebadilisha nguo tu. Huenda wazee mnaitafuta kwa nguo zake za zamani ndiyo hamuioni.

#15 Nahodha_Mstaafu
Pole sana ndugu yangu wa Mpeketoni. Hapo sina la kusema. Lakini wewe umethibitisha maneno ya mleta uzi: wewe unakumbuka kwa kuwa yamekufika. Yeye anazungumzia wasiofikwa.

#16 BintiLangoni
Naweka kahawa chini niseme langu. Mnasahau 2020. Machi 13 mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa Kenya, tarehe 27 kafyu ikaanza nchi nzima, misikiti ikafungwa, Maulidi hatukuyaona. Wakati ule kila mtu alikumbuka mauti! Watu wakasameheana madeni, shemeji yangu akamrudishia dada yangu bangili aliyoiweka rehani kwa siri. Misikiti ilipofunguliwa watu walilia. Leo niambieni, kati ya wale waliolia, nani bado anawahi safu ya mbele?

Ila nina wazo. Kipindi kile maiti walikuwa wanazikwa haraka na watu wa afya waliovaa mavazi meupe, jamaa wakitazama kwa mbali. Vijana waliokuwa wanakaribia umri wa kuitwa kuosha, ndipo walipofundishwa kwamba maiti ni kitu cha hatari na kina wataalamu wake. Mzee, hao wana watatu umri wao ukoje? Isije ikawa raha haina kosa.

#17 MzeeWaDaka
Mkubwa ana watoto wanne, binti. 2020 alikuwa mtu mzima kitambo.

#18 Ustadh_Mkunguni
Wa aleikum salaam nyote. Kwanza tuwatoe hatiani hao ndugu kisheria. Kuosha maiti ni faradhi ya kifaya, wazee walipoiosha imewatoka wote. Walichokosa ni haki yao ya kuwa wa kwanza kumhudumia baba, na hicho hakirudi.

Pili, kusema raha ya kisasa ndiyo iliyoleta usahaulifu ni kuionea. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga utenzi wa Al-Inkishafi, miaka mia mbili na zaidi iliyopita, alikuwa akiwalilia watu wa Pate. Majumba yenye taa za kioo na za shaba, zidaka za ukutani zimejaa vyombo vya Kichina, kisha popo wamehamia ndani. Hapakuwa na umeme. Waja walikwishaghafilika zamani sana, na kwa taa za mafuta tu.

#19 Mjukuu_Mtundu
Kwa hiyo Wapate wangepata waifai ingekuwaje, ustadh?

#20 Msoma_Kale
Mtundu wewe. Lakini ustadh kafungua mlango mzuri. Nenda Takwa hapo Manda, ng'ambo tu. Mji wenye ukuta na msikiti wa Ijumaa, ukahamwa karne ya 17, na moja ya sababu zinazotajwa ni visima kugeuka chumvi. Watu wakahama, wengine wakaja Shela. Sisi leo maji yetu ya kunywa yanatoka wapi? Chini ya machungu ya Shela, vile vilima vya mchanga. Mvua inanyonywa na mchanga, maji matamu yanakaa juu ya maji ya bahari, tunayavuta kwa pampu. Ukivuta kupita kiasi au ukijenga juu ya mchanga wenyewe, chumvi inapanda. Tumezungukwa na mfano wa miji iliyokufa kwa kiu na bado mtu anataka kiwanja pale mchangani apate kuona bahari.

#21 TichaMstaafu
Na mimi nitie neno, hasa kuhusu hayo majumba ya Pate na Lamu ambayo kila siku tunayasifu. Raha ile ya zidaka na taa ilibebwa na migongo ya watumwa waliolima mashamba ya bara. Kwenye ukanda huu wa pwani utumwa ulifutwa kisheria 1907, si kale sana. Babu za baadhi yetu waliuona wakiwa watu wazima. Kwa hiyo tukisema "zamani watu walijua dhiki", kuna waliokuwa wakiijua na kuna waliokuwa wakiangalia wengine wakiijua, nyumba moja.

Halafu jambo jingine. Anayesimulia dhiki ni aliyeivuka. Wale waliolala ndani na hawakuamka, kama wale wa nyumba ya bibi yake MtuWaFaza, hawana akaunti hapa. Wangekuwa nayo sidhani kama wangeturuhusu tuiite dhiki mwalimu mzuri.

#22 Ustadh_Mkunguni
Ticha, hilo la watumwa ni kweli na halisemwi vya kutosha. Hilo la pili sikubaliani nalo. Shida humfunza mtu, na kuna watu imewalainisha nyoyo.

#23 TichaMstaafu
Na kuna iliowafanya mawe. Sote tuna ami wa aina hiyo.

#24 Mjukuu_Mtundu
Wangu yumo ndani ya uzi huu lakini sitaji.

#25 FundiBirika
Mimi ni fundi, naingia majumbani, naomba niseme ninachokiona. Nyumba za zamani zina birika chooni, imejengwa kwa mawe na chokaa, chini limezikwa bakuli la Kichina, na ndani wanaogelea vijisamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua samaki wanabaki na lile bakuli. Huyo aliyeijenga alikuwa na raha, tena raha kubwa ya kuogea ndani kwake, lakini aliijenga akijua kuna siku maji hayatakuja.

Sasa naitwa kuzibomoa. Wanataka vigae, bomba la mvua, tangi la plastiki juu ya dari na pampu. Vizuri, nalipwa. Umeme ukikatika pampu imekufa. Friji imekufa, samaki wanaoza, simu zinazima, na mwenye nyumba ananipigia mimi. Zamani mji huu uliwashwa na jenereta za dizeli za hapa hapa. Leo umeme unatujia kwa nyaya kutoka Rabai, unapita Malindi na Garsen, ndio ufike. Barabara nayo ni hiyo hiyo moja. Mwisho wa 2023 mvua zile za El Niño zilipoikata huko Gamba, kitunguu kilikuwa cha kutafutwa kwa tochi.

Mimi siamini tumesahau udhaifu. Udhaifu tumeuhamisha, tumeupeleka mbali na mato yetu, Gamba na Rabai huko, na huko ukiguswa sisi tunaanguka. Watu wa Faza na Kizingitini wenye jabia zao za maji ya mvua wanatucheka.

#26 MtuWaFaza
Hatuchekiii. Mvua isipokuja tunanunua maji ya mashua kama wengine. Ila kidogo tunacheka.

#27 KakaWaMalindi
Salaam kutoka Malindi. Fundi amenikumbusha ile tsunami ya Disemba 26, 2004. Maji yalipiga pwani hii, huku kwetu walikufa watu kama kumi, na wakati huo huo wengine walikuwa wanateremka ufukweni kutazama. Hamu ya kutazama! Mtu aliyezoea kuona hatari kwenye TV anadhani yeye yuko upande wa pili wa kioo.

#28 Mpenda_Kubisha
Kaka, kumi walikuwa Tanzania. Kenya alihesabiwa mmoja, na kweli alikuwa huko kwenu. Waliopigwa hasa upande huu wa Afrika ni Somalia, karibu watu 300. Na kuhusu kuteremka kutazama, mbona Nahodha anasema wazee wake waliijua bahari? Hata mzee angeshuka. Tsunami haikuwahi kusimuliwa na nyanya wa mtu yeyote. Huwezi kusahau usilolijua.

#29 KakaWaMalindi
Sawa bwana hesabu. Lakini kuna mvuvi wa kwetu, mzee, aliona maji yanavutwa si wakati wake akawaambia wenziwe wapandishe vyombo juu. Hakujua jina lake, alijua tu maji hayana adabu siku hiyo. Vijana walikuwa na jedwali la kupwa na kujaa kwenye simu.

#30 Mpenda_Kubisha
2004? Jedwali kwenye simu? Simu zile za kuchezea nyoka?

#31 KakaWaMalindi
Ukutani basi, kwenye kalenda ya duka. Mbona unanibana hivyo.

#32 MgeniWaDar
Wakuu, nawafuatilia kutoka Dar. Huku mtu anafia hospitali, anakaa mochwari, analetwa nyumbani saa mbili tu kabla ya kuzikwa, ameshaoshwa huko huko. Watoto wanaona sanda tu. Mimi sioni kama ni raha, ni kwamba kifo kimehamishwa nyumbani, na kazi zake zikahama nacho. Mnyang'anye mtu kazi kisha umlaumu hajui kuifanya?

#33 DadaWaMatondoni
Mgeni karibu. Hayo maneno yana uzito. Ila hapa Lamu bado tunafia nyumbani wengi, na huyo mzee wa #1 alifia kwake.

#34 Mwana_wa_Wiyoni
Sijawahi kuandika humu, nasoma tu. Mimi si katika hao watatu, simjui hata huyo marehemu. Lakini mwaka uliopita nilikuwa nimesimama kiwandani vile vile, na simu mkononi vile vile, na wazee walinitazama vile vile.

Baba alipooza upande. Mama alishatangulia, dada zangu wameolewa Mombasa. Nilikuwa mimi. Nilimbeba, nikamwogesha, nikambadilisha nguo, nikajifunza kumgeuza bila kumkwaruza kile kidonda cha mgongoni. Alikuwa akiona haya, akifumba macho nikimsafisha, nami nikimsimulia mpira ili asahau ni mimi. Siku ya mwisho alinishika kidole akakiachia mwenyewe.

Walipoitana kuosha, nikajua kila mahali watakapomshika. Miguu haikuingia mlangoni. Nikaichukua simu nikajifanya napiga. Baadaye nikasikia wazee wakisema, vijana wa siku hizi wamelainika. Sikujibu. Si kwamba sikumbuki udhaifu wa mwanadamu, ami. Nilikuwa nimeushika muda mrefu kuliko wote waliokuwa ndani ya kile chumba.

#35 BintiLangoni
Mwana wa Wiyoni, Mwenyezi Mungu akulipe kwa kila mkono uliomgeuza. Sina mzaha tena leo.

#36 Nahodha_Mstaafu
Allah amrehemu mzee wako. Umetunyamazisha.

#37 MzeeWaDaka
Mwanangu, Allah akujazi kheri na akujaalie nawe wa kukuuguza. Wewe umefanya zaidi ya kuosha, na laiti mzee mmoja angekuuliza kabla ya kukusema.

Lakini niseme la haki, uzi usije ukageuka. Hawa wa kwangu nawajua, nyumba zetu zinatazamana. Mzee wao hakuuguzwa na hao. Aliuguzwa na binti, yule aliyeachika akarudi kwao. Wao walikuwa wakileta dawa na matunda, wanakaa kidogo, wanasema chumba kina joto, wanaondoka. Kwa hao nasimama pale pale.

#38 DadaWaMatondoni
Si nilisema? Na huyo binti siku ya maziko alikuwa wapi? Jikoni anapikia wageni, nina hakika.

#39 MzeeWaDaka
Jikoni.

#40 TichaMstaafu
Basi mzee, swali lako la #1 lilikuwa na watu wanne, ukatuambia watatu.

#41 Mpenda_Kubisha
Mimi bado naona kila mtu hapa ana jibu la nyumba yake. Nesi ana wodi, Fundi ana pampu, Nahodha ana Mkanda. Na hakuna aliyejibu kwa nini MgeniWaDar anasema kazi imehama wakati Lamu haijahama na bado kuna wanaume wanakimbia.

#42 Ustadh_Mkunguni
Kwa wanaotaka, baada ya Isha Jumapili tutaonyesha kuosha na kukafini. Hakuna malipo. Vijana waje, na wazee wenye magoti mabovu waje pia wakae kwenye viti.

#43 Mjukuu_Mtundu
Ustadh, Jumapili baada ya Isha kuna mpira. Jumatatu haiwezekani?

#44 MzeeWaDaka
Mnaona sasa!

#45 NesiWaHindi
Mtundu nenda, mpira utauona marudio. Na ukirudi uvae boya ukipanda boti, harufu haiui.

#46 MtuWaFaza
FundiBirika, nitoke nje ya mada. Vile vijisamaki vya birika vinapatikana kwa nani siku hizi? Mbu wameniamulia.

#47 FundiBirika
Ninavyo, nilivitoa nyumba moja niliyovunja birika yake. Njoo na ndoo yenye mfuniko, usije na mfuko. Jabia yako ina kivuli?

#48 MtuWaFaza
Nusu.

#49 FundiBirika
Inatosha. Nipigie ukifika gati, si saa za sala.